Kijiti Chini ya Kiraka

Kwa miaka kumi na mmoja Gaylon Tripp aliuza kazi ya mikono ya Arvella Stroud akiwaambia watu ni kazi ya jeshi, na siku alipobanwa alishika kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima akasema tapeli ni Arvella. Hilo ndilo alilolifanya. Wapo wanaopenda lisemwe kwa upole, kwamba palitokea kutoelewana kati ya watu wawili. Hapakutokea kutoelewana kokote. Gaylon alielewa vizuri sana anachofanya.

Arvella alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Aliishi peke yake juu ya Kijito cha Marble, upande wa kaskazini wa Arkansas, katika nyumba ya baba yake, na nyuma ya nyumba palikuwa na karakana ya baba yake, Clovis, aliyekuwa fundi wa vitako vya bunduki. Shule aliiacha darasa la saba, mama yake alipopooza, na hakurudi tena. Jina lake analiandika. Barua ndefu anasomewa. Lakini mpe ubao wa mjozi aushike kidogo tu, atakwambia mti ulisimama upande gani wa kilima na ulikatwa majira gani.

Kule milimani wapo wanaume wengi, wa makamo na wazee, ambao furaha yao ya Jumamosi ni kujenga bunduki za mtindo wa jeshi la zamani. Chuma huwa ni kipya, cha kiraia, cha kufyatua risasi moja moja, lakini umbo ni la ile bunduki aliyoibeba mtu ujanani, au aliyoibeba kaka yake ambaye hakurudi. Chuma hakina ugomvi. Ugomvi ni kitako, ule mwili wa mbao unaobeba chuma na kuegemea bega. Orijino au kopi? Orijino kimetoka ghala la jeshi, kina makovu, kimekunywa jasho na mafuta ya watu wasiojulikana, na mara nyingi kina ufa mahali ambapo hutauona mpaka umeshalipa. Kopi ni kipya, kimenyooka, kinakaa sawasawa, lakini hakijakwenda popote. Ndugu wa tumbo moja wamenuniana kwa jambo hili.

Na kwa bunduki ya M14 kuna jambo jingine dogo. Kitako cha orijino kina pengo upande wa kulia, nafasi ya kitasa cha kufyatulia mfululizo. Bunduki ya kiraia haina kitasa hicho. Kwa hiyo mtu akiweka chuma cha kiraia ndani ya kitako cha jeshi, pengo hubaki wazi kama jino lililong'oka, na wengi huliziba kwa kiraka cha mbao. Kopi haina pengo, basi haina kiraka. Ukikiona kiraka, unasema hiki ni orijino. Kila mtu katika maonyesho ya bunduki ya kaunti alisema hivyo, na Gaylon alijua kwamba wanasema hivyo.

Ndiyo maana siku moja, miaka ile ya mwanzo, alikuja karakanani akamwambia, "Dada Arvella, kuanzia sasa nichongee na pengo. Halafu uzibe."

"Nitoboe kisha nizibe?"

"Ndiyo."

"Gaylon, umekunywa nini asubuhi yote hii?"

Akacheka, kwa sababu Gaylon ni mtu wa kucheka. "Wateja wanapenda sura yake, dada. Wanajua ni kopi. Wanataka kopi iliyosogea karibu. Na kiraka utie kwa gundi tu, usinicheleweshe na ufundi wako wa kizee."

Arvella akachonga pengo, akaziba. Ila gundi peke yake hakuitumia. Clovis alimfundisha kwamba gundi huchoka, hasa kwenye kitu kinachopigwa mtikisiko, na kwamba kiraka kisichoshikwa na mti si kiraka bali ni uchafu uliogandishwa. Kwa hiyo kila kiraka alikitia kijiti cha ndani, kifupi kama kiungo cha kidole, kimezama nusu kwenye kitako na nusu kwenye kiraka, hakionekani popote. Kijiti alikichonga kwa bodaki, ule mti wa miiba uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba, ambao mbao yake ni njano kama kiini cha yai. Hakumwambia Gaylon. Si kwa kumficha. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa, nani humweleza mnunuzi kila kitu?

Na nyuma, chini ya bamba la chuma, alichoma ua dogo la petali nne, alama ya baba yake, ili kila mtu ajue hiki ni kopi na nani amekitengeneza. Hakujua kwamba Gaylon akifika kwake huyakwangua yale maua kwa randa, kisha hukigonga kitako muhuri wa tai wa jeshi, hukipiga kwa mnyororo, hukipaka mafuta machafu ya gari na kukianika. Hayo aliyajua baadaye, pamoja na wengine wote.

Yalijulikana Oktoba, katika maonyesho ya ukumbi wa kaunti. Mwanamume mmoja kutoka Tulsa alifungua kitako alichokinunua, akakuta chini ya chuma mbao haijawahi kuonja tone la mafuta ya zamani. Akapiga kelele. Wengine wawili wakafungua vyao. Gaylon hakukimbia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti, kile cha kutangazia magari yaliyoachwa taa zikiwaka.

"Ndugu zangu," akasema, "nimetapeliwa kama ninyi. Vitako vile niliuziwa na Arvella Stroud. Aliniambia amevipata kwa mjane wa mwanajeshi. Nikamwamini! Mwanamke ambaye hata gazeti hawezi kulisoma, ningedhani ana akili ya kunizunguka?"

Watu wakacheka. Hicho ndicho Arvella hakukisahau. Hawakukasirika kwanza; walicheka kwanza, ndipo wakakasirika. Alikuwa amesimama kwenye meza ya Nettie Crowell, muuza vitumbua vya pichi, sahani ikiwa mkononi. Doyle Pinkard, msimamizi wa ukumbi, ambaye pia ndiye hukagua bunduki na kuziandikia kadi kama ni orijino au la, akamshika kiwiko akampeleka mlangoni kama mtu anayemtoa mbuzi jikoni.

"Usirudi hapa, Bi Arvella," akasema. "Nakuomba kwa wema."

Msimu wa baridi ulipita bila mteja. Mmoja alikuja kuchukua kitako chake kikiwa nusu kimesuguliwa, akakitia chini ya koti kama mtu anayeiba. Kanisani wanawake walimwachia nafasi pana kwenye benchi, nafasi ya kulala mtu. Arvella alikaa katikati ya nafasi hiyo kila Jumapili, hakukosa hata moja.

*

Mwanzoni mwa Machi pikapu ya Hershel Maddry ilipanda kilima. Mzee Hershel alikuwa na miaka sabini na saba, goti moja la chuma, na kofia ya kikosi chake aliyokuwa akiivua mezani tu. Alishuka na kitu kilichofungwa kwenye blanketi, akasimama nje ya karakana bila kubisha, mpaka Arvella mwenyewe akafungua.

"Mzee Hershel. Utaganda hapo."

"Sikuja kwa ubaya, Bi Arvella."

"Basi ingia ulete huo wema ndani, mlango unaniingizia upepo."

Alikuwa amejenga M14. Watu wa kikosi chake walikuwa wakutane Mei huko Missouri. Walikuwa thelathini na wanane, sasa wamebaki wanne, na yeye ndiye aliyesema ataileta bunduki kama zile, waishike tena kabla hawajaisha wote. Kitako kilianguka kutoka kwenye pikapu kikapata bonde upande wa shavu. Hakuna mwingine katika kaunti ile anayejua kuinua mbao iliyobonyea.

"Ni orijino," akasema haraka, kabla hajaulizwa. "Nimekitoa kwa Gaylon Januari. Hiki si kile cha... yaani, hiki alikitoa mwenyewe ghalani."

"Januari," Arvella akasema.

Akakipokea. Hakuhitaji kukigeuza. Shingo ya kitako ilikaa kiganjani mwake kama mkono wa mtu unayemfahamu. Aliona kiraka, aliona mshipa wa mbao unaopita kutoka kwenye kitako kuingia kwenye kiraka bila kukatika, kwa sababu alikuwa ametafuta siku mbili kipande kitakachofuata mshipa ule. Ulikuwa mjozi wa uwanja wao. Mti ule aliuangusha baba yake.

Kwanza alifanya kazi. Alilowesha kitambaa, akaweka pasi ya moto juu yake, mvuke ukatoka, bonde likainuka kidogo. Akarudia mara saba. Mzee Hershel alikaa kwenye kigoda akitazama, goti limenyooka mbele kama la mtu anayezuia mlango.

"Nikiweka shavu pale," mzee akasema, akiitazama pasi, "nasikia harufu yake. Nilimwambia mke wangu, huyu amekuwa kule. Sijui na nani, lakini amekuwa kule."

Arvella akaiweka pasi chini. Angeweza kunyamaza. Mtu mwema angenyamaza, na wema wa namna hiyo ndio uliomlisha Gaylon miaka kumi na mmoja.

"Mzee Hershel, harufu hiyo ni mafuta ya gari. Kitako hiki ni changu. Nilikichonga mwaka juzi, hapo kwenye jiliwa hilo linalobana mbao."

Mzee akaokota blanketi lake. Kisha akasimama. "Walinionya nisije."

"Ndani ya kiraka kuna kijiti cha bodaki. Njano. Jeshi haliweki kijiti, wala mtu yeyote hapa haweki ila mimi. Kitoe kiraka utaona."

"Nikitoe? Nikivunje?"

"Hakuna njia nyingine ya kukiona."

"Na kama hakipo, nitakuwa nimevunja kitu kilichopita vitani kwa sababu ya maneno ya mwanamke anayemtafuta Gaylon. Sivyo?" Akakivuta kitako kwake. "Nimezika watu thelathini na wanne, Bi Arvella. Nimepata kipande kimoja cha mti. Unataka uniondolee na hicho?"

"Sikuondolei mimi. Ulishaondolewa Januari."

Akakifunga kwenye blanketi. Mlangoni akaacha noti za malipo juu ya debe la misumari. Arvella akazichukua, akazitia kwenye mfuko wa koti la mzee kwa nguvu hata koti likavutika.

"Nenda kwa Doyle," akamwambia. "Jumamosi ya maonyesho. Mwambie akuandikie kadi. Na mimi nitakuwepo."

"Umekatazwa kuingia."

"Shule nayo nilinyimwa, nikaendelea kuishi."

*

Jumamosi hiyo alivaa aproni ya baba yake juu ya gauni la kanisani. Ndani ya mfuko wa aproni alitia patasi ya nusu inchi na nyundo ya mbao. Mlangoni Doyle alikuwa kwenye meza ya tiketi na kikombe cha kahawa.

"Bi Arvella, tulizungumza."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilikuwa na sahani mkononi."

"Usinifanye niite askari."

"Mwite. Mwambie kuna mwanamke wa miaka hamsini na mitatu amelipa tiketi." Akaweka pesa mezani akapita. Doyle akamfuata nyuma na kikombe chake, kahawa ikimwagika.

Ukumbi ulikuwa umejaa, meza kwa meza, vitako vimelala kama samaki sokoni: vya mjozi, vya mti mweupe, vya plastiki ngumu. Watu walimwona wakapisha. Mmoja akasema kwa sauti, "Shikeni orijino zenu, jamani, zitazaa kopi!" Wakacheka. Nettie Crowell, nyuma ya vitumbua vyake, hakucheka, lakini pia hakuinua macho.

Kwenye meza ya ukaguzi alisimama Mzee Hershel na bunduki yake, na kando yake Gaylon, mkono begani mwa mzee. Gaylon alipomwona Arvella alifungua mikono yote miwili.

"Tazama nani kafufuka! Dada Arvella, umekuja kununua au umekuja kuuza mjane mwingine?"

"Nimekuja kutoa kijiti changu."

Hershel hakumtazama. "Kagua, Doyle," akasema. "Kagua uniandikie kadi, niende nyumbani."

Doyle akaweka kikombe chini akakagua. Alitoa chuma kwenye mbao, akamulika tochi, akapapasa, akanusa. Alichukua muda, maana tangu Oktoba alikuwa mwoga. Muhuri wa tai ulikuwepo, umefifia vizuri. Mafuta yamezama. Mwisho akaweka kidole gumba juu ya kiraka. "Kina pengo, kimezibwa," akasema. "Kwangu mimi ni orijino."

"Ni changu," Arvella akasema. "Ndani ya hicho kiraka kuna kijiti cha bodaki, urefu wa kiungo cha kidole, kimeelekea chini. Kama hakipo nitatoka hapa na sitachonga tena maishani mwangu. Zana za baba yangu mtagawana."

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Zana za Clovis Stroud hazikuwa kitu cha kutajwa ovyo. Kila fundi mle ndani alikuwa amezitamani.

Gaylon akawageukia watu, si Arvella. "Mnasikia? Anataka kuvunja historia ya mkongwe wa vita, hapa mbele yetu. Hiki kitako hakijawahi kupita mikononi mwa huyu mwanamke. Hakijawahi! Nilikitoa kwenye kreti ya jeshi kwa mikono yangu hii. Mzee Hershel, chukua kadi yako uende zako."

Doyle alikuwa ameshaandika kadi. Aliinyoosha. Mzee Hershel hakuipokea. Alikuwa anamtazama Gaylon.

"Unaniapia, Gaylon?"

"Naapa."

"Basi tuvunje," mzee akasema. "Ukiwa na hakika hivyo, tuvunje. Kiraka tutaweka kingine. Kiraka si cha jeshi hata kwa maneno yako. Kiraka aliweka raia. Tunaharibu nini?"

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyekuwa amewaza. Gaylon akaweka mkono juu ya kitako. "Mzee, hapana, thamani yake... utapasua mbao yote. Ni kitu cha vita hiki."

"Nilikuwa vitani mimi. Kitako huko hakikuwa kitu cha kuogopa patasi." Akakisukuma kitako juu ya meza mpaka kikamfikia Arvella. "Uliweka wewe? Toa wewe. Na Mungu akusaidie kama unanichezea."

Arvella akatoa patasi. Kutoka meza ya Nettie yalisikika mafuta yakichemka. Alitaka sana kutazama uso wa Gaylon, akajizuia. Alitazama mshipa wa mbao. Alikuwa amengojea tangu Oktoba, na mkono wake ulikuwa umengojea naye.

Pigo la kwanza lilifungua mstari wa gundi. La pili halikufanya kitu. La tatu likalia kama ganda la yai, na kiraka kikaruka juu ya meza kikazunguka, kikatulia karibu na kikombe cha Doyle. Katikati ya pengo, katika mbao nyeusi ya mjozi, palisimama nusu ya kijiti kilichovunjika. Njano. Njano kama siku alipokichonga, kwa sababu hakikuwa kimeona mwanga.

"Tazameni sasa," Arvella akasema. "Bodaki ikikaa juani hugeuka kahawia. Tazameni ikiwa bado mpya, msije mkaniambia kesho hamkuona."

Wakatazama. Waliinama kwa zamu, wanaume wazima, kofia mkononi, kama wanaopita mbele ya jeneza. Mzee Hershel alitazama wa kwanza na akawa wa mwisho kuondoka.

"Ametia yeye!" Gaylon akasema. Uso wake ulikuwa umepata rangi mbaya. "Amenitegea! Siku zote alikuwa mkaidi. Nilimwambia gundi tu! Nilimwambia mara kumi, weka gundi tu, gundi tu, hasikii!"

Alikuwa Doyle Pinkard, mtu mwoga yule, aliyeuliza polepole, kama anayesoma kadi:

"Ulimwambia lini, Gaylon?"

"Nini?"

"Gundi tu. Ulimwambia lini? Oktoba ulisema alivipata kwa mjane. Leo umesema hiki hakijapita mikononi mwake. Sasa ulimwambia lini jinsi ya kukiziba?"

Nyuma kabisa mtu mmoja akasema, "Labda alimwambia mjane." Safari hii walicheka pia, na Arvella akagundua kwamba kicheko chao hakimfurahishi hata kikiwa upande wake. Ni kicheko kilekile.

Gaylon alifunga meza yake ndani ya robo saa. Wawili walimfuata hadi kwenye gari wakidai kurudishiwa, akaondoka mlango wa nyuma ukiwa haujafungwa vizuri.

*

Mzee Hershel alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma karibu na meza ya Nettie, kitako kilicho wazi magotini. Nettie alimletea kitumbua cha pichi, na kingine akakiweka mbele ya Arvella. Arvella hakukigusa.

"Sasa sina kitu cha kupeleka," mzee akasema.

"Orijino zipo. Kuna mtu Springfield anazo, za kweli, nitakwenda nawe nizikague. Lakini nitakwambia ukweli: kati ya kumi, sita zina ufa, na hakuna hata moja itakayokwambia ilikuwa na nani. Utaweka shavu utasikia mafuta ya mtu usiyemjua."

"Na kopi?"

"Kopi haina cha kukwambia. Kopi ni mbao. Mti ule ulikuwa umesimama uwanjani kwetu ulipokuwa wewe kule. Ndicho pekee ninachoweza kukuapia juu yake."

Mzee akakwaruza pengo kwa ukucha. "Ulisimama wapi? Karibu na barabara?"

"Karibu na kisima. Baba aliuangusha miaka mingi baadaye. Nusu yake bado ipo juu ya dari."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kwa taya. "Nichongee kingine," akasema mwisho. "Bila pengo. Sitaki kiraka, sitaki muhuri wa tai, sitaki makovu. Makovu tunayo sisi wanne ya kutosha. Na lile ua la baba yako lichome nje, mahali watu wataliona."

"Hatuchomi nje."

"Basi anza leo."

Akachonga. Wiki saba. Hakukipiga mnyororo, hakukitia rangi. Alikisugua mafuta ya kitani kwa kiganja, kila siku safu moja, mpaka mbao ikawa na kina kama maji ya kijito. Ua alilichoma upande wa kulia, palepale ambapo pengo lingekuwa. Mei mzee alikwenda Missouri, akarudi, akapanda kilima na pikapu kumweleza tu kwamba walikipitisha mkono kwa mkono, na kwamba mmoja wao, asiyeona tena, alikiweka shavuni akauliza, "Nani kachonga hiki?" si, "Kimetoka wapi?" Arvella akamwambia asante, akarudi kwenye jiliwa, kwa sababu macho yake hayakuwa ya kuonyeshwa mtu.

Kazi zimerudi, si zote. Benchini kanisani wanamsogelea, na sasa yeye ndiye anayeweka mkoba katikati. Doyle alimfungulia mlango wa ukumbi kwa mkono wake mwenyewe, akamnong'oneza, "Samahani, Bi Arvella." Alinong'ona. Oktoba hakuna aliyenong'ona.

Kwa hiyo hesabu imebaki hivi, na Arvella anaijua kwa kichwa, haihitaji karatasi. Doyle Pinkard anadaiwa kulisema lile alilomnong'oneza, kwa sauti ya kawaida, mchana, ukumbi ukiwa umejaa. Vitako vya Arvella vilivyouzwa kwa jina la jeshi ni arobaini na kimoja. Vilivyofunguliwa ni vinne. Thelathini na saba vimetundikwa kwenye kuta za watu ambao wanaviegemeza shavuni na kumwambia mtoto au mke, huyu amekuwa kule. Majina ya watu hao anayo Gaylon Tripp peke yake. Anadaiwa majina hayo, yote, ili Arvella aende mlango kwa mlango na patasi yake na kuwaambia. Na anadaiwa kurudi kwenye kipaza sauti kilekile, asimame palepale alipomtaja mjane ambaye hajawahi kuzaliwa, aseme jina la Arvella Stroud na kazi aliyoifanya. Ametuma salamu kwamba anaumwa mgongo. Maonyesho mengine ni Oktoba, na tiketi Arvella ameshaikata.